Gari, Kamba na Tembo: Vielelezo Vyepesi vya Kuamua na Kushirikiana

Hotuba ya kamati ya hekalu mbele ya wanachama na majirani, jioni ya mkesha wa maadhimisho



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika ua huu. Pili tunawashukuru wote waliofika mapema leo asubuhi kufagia, kufunga turubai na kupanga viti. Ua huu umefagiwa leo na mikono ya watu wa dini tatu. Tunaomba jambo hilo lisipite bila kutajwa, kwa sababu, kama tutakavyoeleza hivi punde, kulikuwa na mwaka ambao halikuwezekana.

Historia ya jengo letu, majina ya waanzilishi na ukarabati uliofuata vitasimuliwa na wengine walio na kumbukumbu kuliko sisi. Sisi wa kamati tumeombwa kusema machache juu ya namna tunavyofikia maamuzi. Ni mada inayoweza kuonekana kavu kwa siku ya sherehe. Hata hivyo, baada ya sikukuu hii kuna mkutano mkuu wa wanachama, na katika mkutano huo kuna uamuzi mmoja mzito unaowagusa waliomo ndani ya ukuta huu na walio nje yake. Kwa hiyo tumeona ni vema tuzungumze kwanza juu ya namna ya kuamua, kabla hatujafika kwenye kuamua kwenyewe.

Tutatumia neno moja mara nyingi: kielelezo. Kwa maana yetu ya leo, kielelezo ni picha ndogo ya jambo kubwa, picha ambayo mtu huibeba akilini ili imsaidie kuona njia. Mabaharia waliotoka pwani ya Kachchh na kuja huku kwa pepo za kaskazi hawakuibeba bahari nzima kichwani. Walibeba nyota chache, majina ya pepo na miezi yake, na alama za pwani walizofundishwa na baba zao. Mambo hayo machache hayakuwa bahari yenyewe, lakini yaliwafikisha. Sisi nasi hatuwezi kuyabeba yote yahusuyo maisha, kazi na jumuiya. Tunahitaji picha chache, nyepesi, zinazokumbukika hata mtu akiwa amechoka au amekasirika. Na kwa bahati njema, nyingi tunazo tayari katika urithi wetu.

Gari na farasi wake

Kielelezo cha kwanza kinatoka katika Katha Upanishad. Humo mna habari za kijana Nachiketa aliyefika mlangoni kwa Yama, bwana wa mauti, akamkosa, akangoja usiku tatu bila chakula. Yama aliporejea na kugundua kwamba mgeni ameachwa mlangoni, alimtaka radhi, akamruhusu kuomba mambo matatu. Katika mafundisho yaliyofuata umo mfano wa gari la kukokotwa na farasi. Mwili ni gari. Milango ya fahamu, yaani macho, masikio na mengineyo, ni farasi. Akili inayopokea na kutamani ni hatamu. Busara inayopambanua ni mwendeshaji. Na nafsi ya ndani kabisa ni abiria, mwenye safari yake.

Uzuri wa mfano huu ni kwamba hauwatukani farasi. Gari lisilo na farasi haliendi popote. Hasira, njaa, hofu na shauku ni nguvu, na nguvu inahitajika. Swali ni moja tu: kwa wakati huu, nani ameshika hatamu?

Tuchukue mfano wa karibu. Karibu kila mmoja wetu yumo katika makundi ya simu. Saa nne usiku unaingia ujumbe unaosema kwamba kamati imetumia vibaya fedha za maua. Moyo unaruka, kidole kinaanza kuandika. Hapo farasi wameshaondoka, na mwendeshaji yumo nyuma anakimbilia gari. Sisi wenyewe tumewahi kuandika majibu ya namna hiyo, na tumewahi kuyajutia kabla jua halijachomoza. Tangu hapo tumejiwekea desturi: ujumbe unaochoma haujibiwi usiku. Unajibiwa baada ya arti ya asubuhi, na ikiwezekana unajibiwa kwa sauti au ana kwa ana, wala si kwa maandishi. Wahenga wa pwani walisema hasira hasara. Desturi hii ndogo ndiyo njia yetu ya kuepa hasara hiyo.

Mahatma Gandhi alikuwa na desturi ya kukaa kimya siku ya Jumatatu. Alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi kuliko yeyote aliyepo hapa, lakini alimpa mwendeshaji wake siku nzima ya kuzishika hatamu upya. Si lazima sisi tupate siku nzima. Hata robo saa kabla ya kikao, simu zikiwa zimezimwa, inatosha kubadili sauti ya mkutano.

Kamba iliyodhaniwa nyoka

Kielelezo cha pili ni cha wanafalsafa wa Vedanta, akiwemo Shankara. Mtu anatembea jioni, giza linaingia. Njiani anaona nyoka, anaruka, moyo unamdunda, anatafuta fimbo. Taa inapoletwa, anagundua ni kamba. Hofu yake ilikuwa ya kweli, jasho lake lilikuwa la kweli, lakini nyoka hakuwepo.

Hapa tunaomba ruhusa ya kusimulia kosa letu wenyewe. Wengi wenu mnalifahamu. Baadhi yenu liliwaumiza.

Kwenye ukuta wetu wa upande wa barabara kuna bomba la maji. Wazee wetu waliliweka liangalie nje, kwa makusudi, ili yeyote apitaye apate kuteka. Miaka kadhaa iliyopita, jioni moja ya kiangazi, taa ya shaba iliyokuwa karibu na madhabahu ilionekana haipo. Kamati ilikutana usiku uleule. Mmoja alisema aliwaona vijana wasiowafahamu karibu na bomba. Mwingine alisema lango dogo la upande ule halikufungwa vizuri. Kufikia saa tano usiku tulikuwa tumekwisha kuamua: bomba lifungwe, lango litiwe kufuli, na majirani waambiwe kwamba ni kwa sababu za usalama.

Bomba lilifungwa kwa wiki 3, katika miezi ya joto kali. Wanawake wa mtaa huu walitembea kwenda kuteka maji mbali, na wengine waliyanunua kwa madumu. Hakuna aliyekuja kutugombeza. Walinyamaza tu, na sisi tukaudhani ukimya ule kuwa ni kukubali.

Kisha mwanachama mmoja aliyekuwa safarini akarudi. Alipoisikia habari ile alishika kichwa. Taa ilikuwa kwa fundi. Shina lake lilikuwa limelegea, naye alikuwa ameipeleka ikalehemiwe. Alimwachia habari mtu mmoja tu, naye akasahau. Taa ilirudi siku ya pili ikiwa imeng'arishwa.

Tulilifungua bomba asubuhi ileile. Mtu wa kwanza kufika alikuwa bibi mmoja mwenye ndoo, ambaye amekuwa akiteka hapa tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Alisimama hatua chache kutoka bombani, akatuangalia, akauliza: "Leo tunaruhusiwa?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kwa adabu, kama mtu asiyejua sheria mpya za mahali alipopajua maisha yake yote. Swali lile halijatutoka. Tulikuwa na kitabu kinachosema kwamba hata bwana wa mauti aliomba radhi kwa kumwacha mgeni mlangoni usiku tatu. Sisi tuliwaacha majirani mlangoni wiki tatu, kwa sababu ya kamba.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nyumba nyingi zilitukaribisha, na tulipewa chai ambayo hatukuistahili. Nyumba moja haikutufungulia, na hatuwalaumu. Mwaka ule, sikukuu ilipofika, vijana wa mtaa ambao siku zote walikuja kutusaidia kufagia hawakuja. Tulifagia peke yetu. Ndiyo maana leo asubuhi, tulipowaona wamekuja na mafagio yao, wengine wetu tulinyamaza kwa muda.

Kutokana na kosa hilo tulijiwekea zana mbili. Ya kwanza ni ukurasa wenye safu mbili. Katika daftari la kumbukumbu za vikao, kabla ya kuamua jambo lenye lawama ndani yake, katibu huchora mstari katikati. Upande wa kushoto huandika tulichokiona. Upande wa kulia, tulichokidhania. Usiku ule, upande wa kushoto ungekuwa na jambo moja tu: taa haipo mahali pake. Mengine yote, yaani wizi, vijana wageni na njia ya bombani, yangekuwa upande wa kulia. Laiti tungeiona karatasi hiyo, mtu angeuliza swali jepesi kuliko yote: je, tumewauliza wote wenye ufunguo?

Zana ya pili ni kupambanua milango miwili. Kuna uamuzi ambao ukikosea unaweza kuutengua kesho bila hasara kubwa, na kuna uamuzi ambao ukiufanya, unabaki na alama hata baada ya kuutengua. Rangi ya mapazia ni uamuzi wa aina ya kwanza. Wawili watatu waamue, kazi iendelee, tusimalize saa mbili tukiijadili. Kumnyima mtu maji, kumtuhumu mtu wizi, kumfukuza mfanyakazi, kuuza kipande cha ardhi, hayo ni ya aina ya pili. Haya hatuyaamui tena usiku wa tukio. Yanalala walau usiku mmoja, na huulizwa mtu mmoja asiyekuwepo kikaoni. Bomba lilifunguliwa kwa dakika moja; imani ilichukua miaka.

Tembo na chumba cha upasuaji

Kielelezo cha tatu kinajulikana na watoto: vipofu na tembo. Kimo katika vitabu vya Wabudha, vya Wajaini na vya Wahindu. Mmoja alishika mguu akasema ni nguzo, mwingine mkia akasema ni kamba, mwingine sikio akasema ni ungo. Wajaini walijenga juu ya wazo hili fundisho zima, kwamba ukweli una pande nyingi na kwamba kila kauli husemwa kutoka upande mmoja.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa ili kuwacheka vipofu. Sisi tunaona kwamba hawakukosea katika walichokigusa. Kila mmoja alisema kweli kuhusu mkono wake. Kosa lao ni kwamba hawakuwa na utaratibu wa kuunganisha walichokijua. Na hilo ndilo tatizo la kamati nyingi, familia nyingi na ofisi nyingi: watu wana habari, lakini habari hazikutani.

Upo ushahidi mzuri wa jambo hili, nao unaiunganisha nchi ya mababu zetu na Afrika Mashariki. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha fupi ya ukaguzi kwa ajili ya vyumba vya upasuaji. Kazi hiyo iliongozwa na daktari wa upasuaji Atul Gawande, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka India. Orodha ina mambo 19 tu, na husomwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya mgonjwa kupewa nusukaputi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Mambo yenyewe ni mepesi mno. Je, huyu ndiye mgonjwa tuliyemkusudia? Sehemu ya kupasuliwa imewekwa alama? Vitambaa na sindano vimehesabiwa? Na moja linatupendeza zaidi: je, kila aliyemo chumbani amejitambulisha kwa jina na kwa kazi yake?

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji 8: Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, Manila, New Delhi, na Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kabla ya orodha, wagonjwa waliopata matatizo makubwa baada ya upasuaji walikuwa asilimia 11. Baada ya orodha wakawa asilimia 7. Waliofariki walikuwa asilimia 1.5, wakawa asilimia 0.8. Madaktari walikuwa walewale na elimu yao ilikuwa ileile. Kilichoongezwa ni vituo vya kusimama, karatasi moja na sauti ya kila mtu.

Kwa nini kujitambulisha kusaidie? Kwa sababu muuguzi aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya daktari mkuu ameshafungua kinywa. Akiona kasoro, ni rahisi kufungua kinywa mara ya pili. Aliyenyamazishwa tangu mwanzo huendelea kunyamaza hata akiiona hatari.

Katika mila zetu, kijana hampingi mzee hadharani. Adabu hiyo ni nzuri nasi hatutaki kuivunja. Lakini adabu isiwe sababu ya jumuiya kuanguka shimoni huku vijana wanaliona. Kwa hiyo tumeazima njia nyingine, iliyoelezwa na mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007. Kabla ya jambo kuanza, watu wote hujifanya kwamba limekwisha na limeharibika vibaya. Kisha kila mmoja, mkubwa na mdogo, anaandika peke yake kwenye karatasi: ni nini kilichoharibu?

Tulijaribu njia hii tukijiandaa kwa mlo wa Annakut, siku ambayo majirani wote hualikwa. Wazee waliandika habari za gesi kuisha na za mchele kutotosha. Binti mmoja wa kujitolea, mdogo kuliko wote kikaoni, aliandika mstari mmoja: "Wazee wa mtaani walisimama juani kwenye foleni mpaka wakaondoka." Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria hilo, kwa sababu sisi huingilia mlango wa ndani. Tuliweka turubai na viti upande wa barabara. Kama tungemuuliza binti yule, "Una maoni?" angejibu, "Hapana, mzee." Karatasi ilimpa ruhusa ya kusema bila kumvunjia mtu heshima.

Dakika 5 za Lamu

Kielelezo cha nne tunakitoa kwenye pwani hii hii. Mwaka 1893, Mohandas Gandhi, wakili kijana wa miaka 23, alikuwa melini akielekea Afrika Kusini. Meli ilitia nanga Lamu. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kwamba alishuka kwenda mjini, na kwamba nahodha alimwonya: bandari hii ni ya hatari, wahi kurudi. Aliporudi, mashua ilikuwa imejaa watu na mkondo ulikuwa mkali. Kila mashua ilipoigusa ngazi ya meli, mkondo uliivuta tena. Honi ya kwanza ilikuwa imekwisha kulia. Nahodha alingoja dakika 5 zaidi, rafiki akamkodia mashua nyingine kwa rupia 10, na kwa kuwa ngazi ilikuwa imeshapandishwa, alivutwa juu kwa kamba. Abiria wengine wa ile mashua waliachwa.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama kisa cha bahati. Sisi tunaisoma kama somo la akiba. Aliyepanga kufika dakika ya mwisho amepanga kwamba bahari itakuwa shwari, mashua itakuwa tupu na mkondo utalala. Mpango usio na nafasi ya kukosea si mpango kamili. Katika kazi zetu, hii ina maana kwamba tukisema ukumbi utakuwa tayari saa kumi, tuwaambie mafundi saa nane. Tukikusanya fedha za ujenzi, sehemu iwekwe pembeni kwa yale ambayo hakuna aliyeyaona. Na kwa mtu binafsi, ina maana ya kutoijaza siku hadi ukingoni, ili mgonjwa akiita au mtoto akilia, pawepo na nafasi ya kuitika. Na zaidi ya yote: anayeijua bahari akikuonya, msikilize mapema.

Uamuzi na matunda yake

Bhagavad Gita inaanza na mtu aliyeshindwa kuamua. Arjuna analisimamisha gari lake kati ya majeshi mawili na mikono inamlegea. Katika mafundisho anayopewa, moja linajulikana sana: mtu ana haki juu ya kazi yake, wala si juu ya matunda yake. Wengine hulielewa kama kutojali. Sisi tunaliona kama kipimo cha haki cha kupimia maamuzi.

Nahodha aliyejaza chombo kupita kiasi akafika salama hakuamua vizuri, alibahatika. Nahodha aliyekagua chombo, akasikiliza hali ya hewa, akaondoka kwa wakati unaofaa na bado akapatwa na dhoruba, hakuamua vibaya. Tukiwasifu watu kwa matunda tu, tutawafundisha kubahatisha. Tukiwalaumu kwa matunda tu, tutawafundisha kuogopa na kuficha. Kwa hiyo, jambo likiharibika, tunajitahidi kuuliza kwanza: tulijua nini wakati ule? Tulimuuliza nani? Tulimwacha nani? Majibu ya maswali hayo yamo mikononi mwetu, matunda hayamo.

Tunaongeza tahadhari moja. Vielelezo ni watumishi. Mtu akiwa na nyundo mkononi huona kila kitu ni msumari. Tumewahi kuwa na kikao ambapo kila mmoja alisema, "Hii ni kamba, si nyoka," na kumbe nyaya za umeme za jikoni zilikuwa zimechakaa kweli, mpaka cheche ziliporuka. Wakati mwingine nyoka ni nyoka. Taa haikuletwa ili kuthibitisha kwamba ni kamba. Imeletwa ili tuone.

Uamuzi ulio mbele yetu

Sasa tufikie jambo la mkutano mkuu. Fedha za maadhimisho zimechangwa ili kilele cha hekalu kitengenezwe na kupakwa upya. Ni nia njema, na wengi wametoa kwa ahadi hiyo. Hata hivyo, masika iliyopita, maji ya ua wetu, ambao tuliusakafia kwa saruji, yalimiminika kwenye kichochoro cha nyuma na kuingia katika nyumba 3. Fundi ametuambia kwamba mfereji wa kupeleka maji kwenye mtaro mkubwa unawezekana, ila gharama yake ingekula sehemu kubwa ya fedha hizo.

Hatukuja kuwaambia mpige kura vipi. Tunaomba tu tuitumie taa tuliyonayo. Tulichokiona: maji yalitoka kwetu, na kabla ya saruji hayakuwa yakiingia katika nyumba hizo. Tulichokidhania: kwamba mvua ile ilikuwa ya pekee, na kwamba mtaro ni kazi ya wengine. Mlango wa kurudi: kilele kikingoja mwaka mmoja, kitapakwa mwaka ujao, ukuta wa udongo ukianguka usiku, haurudishwi kwa kura. Lakini pia, fedha iliyotolewa kwa ahadi ikibadilishwa bila kuwauliza waliotoa, tutakuwa tumevunja kitu kingine kisichojengeka upesi. Kwa hiyo waliochanga waulizwe mmoja mmoja, na wenye nyumba zile 3 waalikwe waseme wenyewe wanachokigusa kwa mkono wao. Sisi tumelishika tembo upande wa kilele. Wao wamelishika upande wa maji.

Karibu na mwisho wa maisha yake, Gandhi aliandika ushauri mfupi kwa yeyote mwenye shaka: akumbuke uso wa mtu maskini na dhaifu kuliko wote aliowahi kuwaona, kisha ajiulize kama hatua anayoikusudia itamfaa mtu huyo. Kati ya vielelezo vyote tulivyovitaja, hicho ndicho chepesi zaidi kukumbuka na kizito zaidi kufuata. Kwetu sisi, uso huo una ndoo mkononi. Umesimama hatua chache kutoka bombani, nao unauliza kama leo unaruhusiwa.

Tunawatakia maadhimisho mema. Mlo uko tayari, na safari hii viti vipo pande zote mbili za ukuta. Karibuni sana.